Kuskii Lapland kwa mara ya kwanza: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua wiki hadi kurudisha funguo

Kila ikifika Septemba simu yangu haipumziki. Binamu wa Nairobi, rafiki wa Dodoma anayesoma Ujerumani, jirani wa zamani aliyehamia Leicester. Wote swali lao moja: "Tukate tiketi ya lini?" Ikifika Januari naletewa picha zilezile. Mtu kavaa jinzi mbili juu ya theluji, kope zimeganda, nyuma yake giza ilhali ni saa tisa alasiri, na chini ya picha maneno kwamba skii, kuteleza juu ya theluji, ni mchezo wa Wazungu.

Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, alijifunza skii hukuhuku Finland, na alikuja akiwa mtu mzima. Kinachowaangusha wageni ni mpangilio. Wanaanza na tiketi ya ndege, mwalimu wanamkumbuka baada ya kuanguka mara ya ishirini. Mimi naanza na wiki, namweka mwalimu, natafuta nyumba, tiketi inakuja mwisho.

Kituo cha skii ninachokitumia hapa ni Levi, huko Lapland, kaskazini mwa Finland, kwa kuwa ndiko ninakopeleka wageni wangu. Ukienda vituo vingine kama Ylläs au Ruka, hatua ni hizihizi.

## Andaa hivi kwanza

Karatasi na taarifa
- Pasipoti, na viza au kibali cha ukaazi
- Bima iliyoandika wazi kwamba skii imo
- Kwa kila msafiri: urefu, uzito wa kweli, umri na namba ya kiatu

Vya kununua (havikodishwi, au havifai kuazima)
- Nguo za ndani za sufu ya merino au za sintetiki, jozi mbili
- Soksi ndefu za skii, jozi mbili au tatu
- Glavu nene za kidole gumba peke yake, zisizopitisha maji
- Kofia, na kitambaa cha shingo cha mviringo
- Mafuta mazito ya mgando ya uso, na mafuta ya kuzuia jua

Vya kukodi kulekule
- Skii, viatu vyake, fimbo, helmeti

Vya kuazima kwa ndugu aliyeko Ulaya
- Koti na suruali ya skii, miwani ya theluji

Kundi la mwisho ndilo linalookoa pesa. Koti na suruali nzuri ni ghali, nawe utazivaa siku sita. Ulizia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yenu, hamkosi mtu mwenye suti nzima imening'inia stoo.

## Hatua ya 1: Chagua wiki

Levi ipo wilaya ya Kittilä, kama kilomita 170 kaskazini mwa Rovaniemi, ndani ya Duara la Aktiki. Jua la huko huacha kuchomoza kabla ya katikati ya Desemba, hulioni tena hadi mwanzoni mwa Januari. Mchana hupatikana mwanga wa buluu kwa saa chache. Kwa picha ni mzuri sana. Kwa mtu anayejaribu kuona mteremko umeinama vipi, haufai. Miteremko mingi ina taa, lakini taa hazikuonyeshi mabonde madogo yaliyo mbele ya miguu yako.

Kuanzia Januari hadi katikati ya Februari nyuzi 20 chini ya sifuri ni hali ya kawaida. Pokka, kijiji cha wilaya hiyohiyo ya Kittilä, ndicho chenye rekodi ya baridi ya Finland: nyuzi 51.5 chini ya sifuri, Januari 1999.

Nenda Machi. Theluji ndiyo imerundikana kuliko miezi mingine, mchana mara nyingi baridi ni nyuzi chache tu chini ya sifuri, na kufikia tarehe 20 mchana una saa 12 kama kwetu. Mwili wa mtu aliyezaliwa karibu na Ikweta huifurahia siku ya namna hiyo. Usiku wenye giza nao bado upo, kwa hiyo taa za kaskazini, ile mianga ya rangi angani, hujazikosa.

Si kila wiki ya Machi inafaa. Shule za Finland zina likizo ya skii kwa zamu, katika wiki ya 8, ya 9 na ya 10 ya mwaka. Wiki hizo nyumba zimejaa na bei ni za kukomoa. Pasaka nayo hivyohivyo.

Tuchukue 2027 kama mfano. Likizo za shule zinakwisha Jumapili, Machi 14. Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu Februari 8 na Idi kuangukia karibu Machi 10. Pasaka ni Machi 28. Wiki inayobaki wazi ni ya Machi 15 hadi 21. Kaa na kalenda upige hesabu hiyo kwa mwaka wako kabla hujafungua tovuti yoyote ya ndege.

Onyo: wanaokuja Desemba kwa ajili ya Krismasi waje kwa kulungu wa kufugwa na sleji. Kujifunza skii waache kuwe mpango wa safari nyingine.

## Hatua ya 2: Amua ni skii ipi

Skii ni michezo miwili. Kuna ya mteremko: unapanda kwa lifti, unashuka kwa uzito wako, kiatu ni kigumu kama sanduku na kisigino kimefungwa. Halafu kuna ya masafa: unakwenda mwenyewe msituni kwenye njia zilizochongwa mifereji miwili, kiatu ni laini na kisigino kiko huru. Boit alikuwa wa masafa.

Vifaa vyake haviingiliani. Nimeshampokea mgeni aliyelipia siku sita za skii za masafa mtandaoni kwa sababu zilikuwa nusu ya bei, akapanda nazo lifti. Hakushuka nazo. Alishuka kwa makalio.

Nashauri mteremko kwa siku nne, na siku moja ya masafa katikati ili magoti yapumzike. Masafa ni ya bei nafuu, na njia nyingi hazina kiingilio.

## Hatua ya 3: Viza na bima

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja), mathalani Ujerumani au Sweden, hahitaji viza kwa safari fupi. Achukue pasipoti na kadi ya kibali, vyote viwili. Anayetoka Dar, Kampala au Nairobi anahitaji viza ya Schengen, na anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania pia. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15. Kwa safari ya Machi, peleka maombi Oktoba au Novemba.

Bima ya viza lazima ifikie euro 30,000. Hapo ndipo wengi wanapodhani wamemaliza, kumbe bima hiyo inaweza kukulipia homa na isikulipie mguu uliovunjika mteremkoni. Tafuta mambo matatu kwenye maandishi yake: michezo ya theluji, uokoaji mlimani, na madhara utakayomsababishia mtu mwingine. La tatu husahaulika, na mwanafunzi wa skii ndiye hugonga watu. Kadi ya afya ya Ulaya husaidia hospitali ya umma, lakini uokoaji mlimani haimo.

Dalili kwamba umepatia: ukiipigia kampuni ya bima ukasema "nikianguka kwenye mteremko mwekundu" (rangi ni daraja la ugumu, tazama hatua ya 8), wanakutajia kifungu. Wakianza kuguna, badilisha bima.

## Hatua ya 4: Mwalimu, nyumba, nauli, kwa mpangilio huo

Mwekee nafasi mwalimu mapema, kwa siku tatu za kwanza, saa moja na nusu hadi mbili kila siku. Masomo ya kundi yanatosha ukiwa na mwenzako au mmoja wa watoto. Waalimu wa Kiingereza wapo wengi, wa Kiswahili sijawahi kumpata.

Halafu nyumba. Familia hukodi *mökki*, nyumba ya magogo yenye jiko na sauna. Usilipe kabla ya kuuliza:

1. Shuka na taulo zimo? Mara nyingi hazimo. Neno la kulitafuta ni *liinavaatteet*.
2. Usafi wa mwisho umo? *Loppusiivous* ndilo neno. Kama haumo, utapiga deki wewe asubuhi ya kuondoka.
3. Kuna *kuivauskaappi*? Ni kabati la kukaushia nguo. Likikosekana, siku ya pili mtavaa glavu mbichi.
4. Basi la kuelekea miteremko linapita umbali gani? Mita 800 ukiwa umevaa viatu vya skii na umebeba skii za watoto wawili ni mwendo wa adhabu.

Kama viza bado haijatoka, chukua nyumba inayorudisha pesa ukighairi, hata ikizidi bei kidogo.

Nauli haina mengi. Ndege kutoka Helsinki hadi Kittilä ni kama saa moja na nusu, na uwanja uko kilomita 15 tu kutoka Levi. Treni ya usiku kutoka Helsinki hadi Kolari ina vyumba vya kulala na mabehewa ya kupakia magari, kisha basi linakupeleka Levi. Angalia ratiba, kwani haiendi Kolari kila usiku. Mimi napenda treni: watoto wanalala, mizigo haipimwi.

Kuhusu gharama, mtu mzima anayejifunza namtengea euro 150 kwa siku kwa lifti, vifaa na mwalimu, mbali na nyumba na chakula. Siku ambazo hakuna mwalimu, euro 100.

## Hatua ya 5: Vaa ukavu

Hapa ndipo wanapoharibikiwa walio wengi, kwa hiyo nitakaa.

Nyumbani tumezoea kwamba baridi inatibiwa kwa nguo nene. Huku adui wa kwanza ni jasho. Ukianguka na kuinuka mara kumi utatoka jasho hata kukiwa na nyuzi 15 chini ya sifuri. Pamba hunywa jasho hilo na kukaa nalo. Ukipanda lifti na kutulia dakika saba angani, fulana ya pamba inakugeukia kuwa kitambaa cha barafu mgongoni. Kwa hiyo fulana ya pamba, jinzi, soksi za shule na bukta ya pamba vyote vibaki mjini.

Vaa tabaka tatu. Ya kwanza inagusa ngozi: sufu ya merino au sintetiki, ibane. Ya pili inatunza joto: sweta la flisi au la sufu. Ya tatu inazuia upepo na maji: koti na suruali ya skii. Tabaka la kati ndilo la kuongeza au kupunguza kila asubuhi kufuatana na kipimajoto.

Soksi ni jozi moja. Kila mwaka nasema, na kila mwaka kuna mtu anavaa tatu. Kiatu cha skii hakitanuki. Soksi ya pili inabana mguu, damu inapita kwa shida, vidole vinakufa ganzi. Suruali ya ndani nayo isiingie ndani ya kiatu, kwa sababu mkunjo mdogo kwenye muundi ukifika saa sita unakuwa jeraha.

Nywele. Helmeti lazima ikae sawasawa kichwani. Rasta nene zilizofungwa juu au bumbu la nywele zitaiinua, na helmeti iliyoinuliwa haikulindi. Wiki moja kabla ya safari suka mistari inayolala, twende kilioni inafaa sana, ncha zishukie kisogoni. Mwenye hijabu avae kofia nyembamba ya ndani na kitambaa cha shingo cha mviringo badala ya mtandio unaoning'inia. Kitu chochote kinachoning'inia karibu na lifti ni hatari. Skafu ya kaka yako nayo iko humohumo.

Ngozi. Paka mafuta mazito mashavuni na puani. Mafuta ya nazi usisumbuke nayo, yanaganda kabla hujafika jikoni. Machi pia paka mafuta ya kuzuia jua, hata kama ngozi yako ni nyeusi tii, maana theluji inarudisha miale ya jua usoni kutoka chini.

Onyo kuhusu kuganda kwa ngozi: maelekezo mengi huku yanasema tafuta doa jeupe shavuni. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo linaweza kuonekana la kijivu, kama majivu, na mahali penyewe pamekufa ganzi. Mwangaliane usoni kila mkipanda lifti. Ukiona doa, ingieni ndani, lipashe kwa kiganja chenye joto. Usilisugue, na theluji usiisogeze hapo.

Dalili kwamba umepatia: ukitoka nje ya mlango unasikia ubaridi kidogo kwa dakika tano za kwanza. Ukisikia raha papo hapo, umezidisha.

## Hatua ya 6: Kukodi vifaa

Nenda jioni ya kuwasili, kabla hawajafunga. Asubuhi foleni ni ndefu na somo halikungoji.

Kiatu kwanza. Kivae, simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Funga vibanio, piga magoti kuelekea mbele: vidole virudi nyuma. Kisigino kisipande hata chembe. Watu huomba namba kubwa kwa sababu kiatu kinawabana, halafu hawawezi kuiongoza skii, mguu unaogelea ndani. Tembea nacho dukani dakika kumi. Kukaza ni sawa. Kuuma si sawa, rudisha.

Kisha fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu wako ili arekebishe kibano kinachoshika kiatu. Sema kweli. Kibano kimepangwa kuachia ukianguka. Dada mmoja wa kwetu alijipunguzia kilo 12 mbele ya wifi zake, skii zikawa zinamtoka kila akikata kona. Hiyo ilikuwa bahati yake. Anayejiongezea, au anayejiita mzoefu, skii haimtoki, na goti ndilo linalozunguka.

Helmeti ikae usawa, mkanda ubane kidevuni. Vituo vingi vya Finland humruhusu mtoto wa chini ya miaka 7 kupanda lifti bure akiwa na mtu mzima, ilimradi kavaa helmeti. Ulizia kabla ya kumlipia.

## Hatua ya 7: Siku ya kwanza

Kula uji, kunywa maji, fika nusu saa kabla ya somo. Simu iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi inamaliza betri.

Siku hii haina haja ya kupanda kileleni. Kilele cha Levi ni mita 531 tu, wala hakitahama. Kaa uwanja wa wanaoanza, wenye mkanda unaokupandisha ukiwa umesimama. Mambo manne yakikuingia leo, umemaliza:

1. Kutembea na skii moja, kisha mbili. Mguu uzoee kwamba umekuwa mrefu.
2. Kuanguka na kuinuka. Anguka ubavuni, upande wa mlima. Kuinuka: skii zote mbili zielekee kukata mteremko, zisielekee chini. Zikielekea chini, kila ukiinuka utaondoka kabla hujawa tayari.
3. Kabari. Ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuke, kama kabari ya kupasulia kuni. Hiyo ndiyo breki yako.
4. Kuegemea mbele. Muundi uguse ulimi wa kiatu. Woga unakuvuta kukaa nyuma, kama mtu anayetafuta kiti, na ukikaa nyuma skii inakukimbia. Asilimia kubwa ya kelele za siku ya kwanza zinatoka hapo.

Mwalimu akikupeleka kwenye lifti ya kukokota, ile yenye mti wa umbo la T iliyojaa Finland nzima, usiikalie. Si kiti. Inakusukuma makalioni huku umesimama. Ukiikalia inanesa na kukulaza, na foleni nzima inakutazama. Ukianguka, achia mti, biringika pembeni upesi, kwa kuwa kuna mtu nyuma yako.

Dalili kwamba umepatia: unachagua mti au nguzo mbele yako, unasema "nasimama pale", na unasimama pale. Kasi si kipimo.

Mwenzi wako anayejua skii asikufundishe. Nimeona ndoa zikitikisika kwenye mteremko wa watoto.

## Hatua ya 8: Siku zinazofuata

Miteremko ya Finland ina rangi: kijani ni rahisi kabisa, kisha buluu, nyekundu, nyeusi. Panda rangi moja pale tu ile ya chini yake imekuwa ya kuchosha. Levi kuna miteremko zaidi ya 40, kwa hiyo kijani na buluu zinakutosha wiki nzima.

Sheria za kushika: aliye mbele yako, chini, ana haki ya njia, wewe wa nyuma ndiye umkwepe. Ukitaka kusimama, simama ukingoni, usisimame katikati wala nyuma ya kilima kidogo ambako hawakuoni. Kabla ya kuondoka, tazama juu. Mtu akiumia, chomeka skii mbili msalaba juu yake kwenye theluji ili wanaoshuka waone, kisha piga 112. Pakua mapema programu ya 112 Suomi, inapeleka mahali ulipo moja kwa moja.

Acha saa tisa alasiri, hata kama tiketi ya lifti bado ina muda. Miguu imechoka, theluji imechimbika, na "mara moja ya mwisho" ndiyo huwapeleka watu kliniki.

## Hatua ya 9: Chakula na kuondoka

Milimani chakula ni ghali, foleni ya mchana inaanza saa tano na nusu. Beba chapati na chai ya tangawizi kwenye chupa. Supamaketi ipo Levi, lakini unga wa ugali nunua Helsinki. Mkija kutoka nje ya Umoja wa Ulaya msibebe nyama wala maziwa, forodhani vitachukuliwa. Asiyetaka kubahatisha uchinjaji aagize *lohikeitto*, supu ya samaki yenye viazi na maziwa. Ndimu hawaweki, nenda na yako.

Asubuhi ya kuondoka mara nyingi nyumba inatakiwa iwe wazi kabla ya mchana. Jioni ya kuamkia siku hiyo rudisha vifaa, toa takataka, osha vyombo. Asubuhi kunja shuka, piga deki, kagua chini ya vitanda. Kabla ya kuziacha funguo, fungua kabati la kukaushia mara ya mwisho. Glavu za mtoto huwa zimebaki rafu ya juu, nyuma kabisa.